Lakiri Ilikuwa Nzima: Mwongozo wa Kudai Haki Yako kwa Kampuni ya Kupima Sarafu

Barua pepe kutoka kampuni ya kupima sarafu huja fupi. Sarafu zako zimepokelewa, zimepimwa na zimepewa daraja, ila hadhi uliyoiomba imekataliwa kwa sababu kifungashio kilikuwa kimefunguliwa. Wewe unajua hukukifungua. Ulikaa na boksi lile siku kadhaa bila kulisogezea kisu, ukalilipia bima, ukalisafirisha kwa uangalifu kama yai, na sasa unaambiwa lakiri, yaani utepe na mikanda ya kiwandani isiyokatwa, haikuwepo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo. Lakini ni zaidi wa yule ambaye bado hajatuma, kwa sababu dai la namna hii hushinda au hushindwa siku boksi linapofika mlangoni kwako. Ukisubiri barua ya kukataliwa ndipo uanze kutafuta ushahidi, utakuwa umechelewa.

Hatua ya 1: Jua lebo inaahidi nini

Daraja la sarafu na hadhi ya sarafu ni vitu viwili, na watu wengi huvichanganya hadi kwenye barua zao za malalamiko. Daraja ni hali ya sarafu yenyewe, kwa kipimo cha 1 hadi 70 kinachotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949. Mpimaji huiangalia sarafu chini ya taa, anaona mikwaruzo, mng'ao na ukali wa chapa, kisha anatoa namba. Hadhi ni maneno ya ziada kwenye lebo ya kasha la plastiki ambamo kampuni huifungia sarafu iliyopimwa: First Strike kwa PCGS, Early Releases au First Releases kwa NGC (hizi mbili ni kampuni za Marekani za kupima sarafu), au maelezo kwamba sarafu ilichapwa katika kiwanda fulani. Hadhi haionekani kwenye sarafu. Mpimaji anaweza kuigeuza sarafu mkononi mchana kutwa asiione. Anaijua kwa boksi, mkanda, utepe na karatasi iliyobandikwa juu.

Ndiyo maana kampuni hizi ni wakali kuhusu lakiri. Ikishakatika, hawana kitu kingine cha kusimamia.

Hadhi za tarehe hujengwa juu ya siku 30 za mwanzo tangu sarafu ilipotolewa rasmi. Ama sarafu ifike kwa kampuni, au kwenye ghala inalolitambua, ndani ya siku hizo. Ama, pale kanuni zinaporuhusu, ifike baadaye ikiwa bado ndani ya kifungashio cha kiwandani ambacho hakijafunguliwa, chenye tarehe ya kutumwa inayoangukia ndani ya siku hizo. Njia hii ya pili ndiyo inayozaa migogoro mingi.

Hapa kuna jambo la kuliweka moyoni kabla hujaandika neno. U.S. Mint, kiwanda cha serikali ya Marekani cha kuchapa sarafu, kilikwisha kuwaeleza wanunuzi kwamba hakifuatilii mpangilio wa sarafu zinavyochapwa, na kwamba tarehe iliyo kwenye katoni ni ya siku mzigo ulipofungwa, kukaguliwa na kutumwa. Haisemi sarafu ilichapwa lini. Kwa hiyo usibishane kwamba sarafu yako ni miongoni mwa zile za mwanzo kutoka mashineni. Hakuna awezaye kulithibitisha hilo, wewe wala wao. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba katoni ilitumwa tarehe fulani na haikufunguliwa. Dai lako lote likae humo.

Hadhi za mahali ni ngumu zaidi, na ninazipenda zaidi, kwa sababu zinaonyesha wazi lakiri ina kazi gani. Chukua American Silver Eagle ya kawaida, sarafu ya fedha ya Marekani, ile ya uwekezaji. Haina alama ya kiwanda. Iwe imechapwa West Point, San Francisco au Philadelphia, uso ni uleule. Mwaka 2015 Philadelphia ilichapa 79,640 tu kati ya mamilioni ya mwaka ule, na habari zake zikajulikana hadharani mwaka 2017, wakati maboksi mengi yalikuwa yamekwisha kufunguliwa na sarafu kutawanyika. Kisha Aprili 2020, UVIKO-19 ilipovuruga kazi West Point, Philadelphia ikachapa nyingine 240,000. Sarafu hizi huingia 500 katika boksi kubwa la kijani, ambalo wenye fani huliita monsta boksi, ndani mkiwa na mirija 25 ya sarafu 20 kila mmoja. Kwa hiyo zile 240,000 ni maboksi 480, na kila moja lina namba yake ya nje. Ukiwa na boksi lenye namba inayohusika, mikanda haijakatwa, unazo sarafu za Philadelphia. Ukishakata mikanda, unazo Silver Eagle 500 za mwaka 2020, nzuri kabisa, zisizo na kwao.

Hatua ya 2: Hifadhi kanuni kama zilivyo siku unayotuma

Kanuni za hadhi hubadilika, tena bila tarumbeta. Siku unayojaza fomu, fungua ukurasa wa kanuni, uhifadhi wote kama faili la PDF, na upige picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe ya kompyuta yako. Tafuta majibu ya maswali matatu na uyapigie mstari. Siku 30 huhesabiwa kuanzia lini hasa? Kinachohesabiwa ni tarehe ya kutuma au ya kupokelewa? Na neno "kufungwa" linahusu kifungashio kipi?

Swali la tatu ndilo linalowaumiza watu. Sarafu za kumetameta ambazo U.S. Mint huuzia umma moja kwa moja huja katika tabaka: kapsuli ya plastiki, kijaluba kizuri chenye cheti, kijiboksi cha karatasi ngumu, na mwisho kabisa katoni ya kahawia ya usafirishaji yenye jina na anwani yako. Mnunuzi anaikata katoni ya kahawia bila wasiwasi kwa kuwa haina thamani, anakiacha kijiboksi kizuri kama kilivyo, na anaamini hajafungua chochote. Lakini tarehe imebandikwa kwenye katoni ya kahawia. Kijiboksi kizuri hakina tarehe yoyote. Kwa macho ya kampuni, siku uliyokata katoni ile ndiyo siku ulivunja lakiri, hata kama kapsuli haijaguswa na mkono wa mtu.

Kama umekwisha kufanya hivyo na siku 30 hazijaisha, usikate tamaa: tuma haraka ili ufike ndani ya muda. Kama zimeisha, dai la lakiri huna, na ni heri kulijua leo kuliko baada ya kulipa ada.

Hatua ya 3: Boksi likifika, kamera kwanza

Hii ndiyo hatua ya kutumia nusu saa nzima, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Liweke boksi mezani kama lilivyotoka mikononi mwa aliyelileta. Washa video, na uiache ikienda bila kukata mpaka umalize. Anza na karatasi ya anwani: jina, tarehe ya kutuma, namba ya ufuatiliaji, zisomeke. Kisha zungusha boksi taratibu uonyeshe pande zote sita. Sita, pamoja na chini. Watu hupiga picha ya juu na mbele, na chini ndiko anakofungulia mwizi mjuzi na ndiko anakoanza kuangalia mpokeaji wa kampuni.

Sogeza kamera kwenye utepe. Angalia pale ncha zake mbili zinapoishia kwenye karatasi ya boksi. Utepe uliobandikwa mara moja hukaa tambarare, na ukijaribu kuunyanyua hukwanyua nyuzi za karatasi. Utepe uliobanduliwa na kurudishwa huonyesha nyuzi zilizokwama chini yake kama ukungu mweupe, mapovu ya hewa, au kivuli cha gundi ya zamani pembeni mwa mstari mpya. Ukiona tabaka mbili za utepe, ya juu ikiwa na rangi au upana tofauti, simama hapo. Piga picha ya karibu. Huenda mtu amekwisha kulifungua njiani, na mgogoro wako ni wa mtuma mzigo au msafirishaji, wala si wa kampuni ya kupima. Wajulishe siku hiyohiyo.

Kwa boksi la kijani, angalia mikanda ya plastiki mahali ilipoungwa kwa joto. Muungo wa kiwandani ni bapa na sawa pande zote. Onyesha namba ya boksi na mkanda katika picha moja, ili asije mtu akasema namba ni ya boksi hili na mkanda ni wa lile.

Kisha weka boksi kwenye mizani, video ikiendelea. Silver Eagle moja ina gramu 31.1 hivi, mrija wa 20 unakaribia gramu 622 za sarafu, boksi la 500 ni kilo 15 na nusu bila kuhesabu plastiki. Uzito unaouandika leo ni lazima uwe uleule utakaouona siku ya kutuma. Ukifanana, umeonyesha kwamba hakuna kilichotoka wala kuingia. Ushahidi huu hauna gharama yoyote.

Hifadhi video mahali pawili. Usiipunguze, usiiwekee maandishi juu, usiitume kwa programu ya mazungumzo inayobana ubora na kufuta tarehe ya faili. Faili asilia ndilo litakalokusemea.

Hatua ya 4: Usiguse utepe, weka boksi ndani ya boksi

Utashawishika kuongeza utepe wako juu ya wa kiwandani ili boksi lisifunguke safarini. Usifanye hivyo. Nia yako ni njema, lakini utakuwa umetengeneza kwa mkono wako dalili ileile wanayoitafuta: tabaka mbili za utepe. Usiandike kwenye katoni, usibandike karatasi mpya ya posta juu ya ile ya zamani, usifunge kwa kamba inayokata kingo.

Tafuta katoni kubwa zaidi, jaza pengo kwa karatasi iliyofinyangwa mpaka boksi la ndani lisichezecheze, na maandishi yote mapya yakae kwenye katoni ya nje. Juu ya boksi la ndani laza karatasi, bila kuibandika, yenye maneno makubwa kwa Kiingereza yanayosema: kifungashio cha kiwandani kilichofungwa, kifunguliwe na idara ya upimaji, angalia fomu namba fulani. Mtu wa mapokezi hufungua vifurushi vingi kwa siku. Kisu chake hakijui wapi katoni yako inaishia na lakiri inaanzia. Wapo waliopoteza hadhi kwa sababu ya mkono mmoja wenye haraka kwenye meza ya mapokezi, na dai hilo ni gumu sana kulithibitisha kama karatasi ya onyo haikuwepo kwenye picha zako.

Kwa hiyo piga picha katoni ya nje ikiwa wazi, boksi la ndani likionekana na karatasi juu yake, halafu picha nyingine baada ya kuifunga.

Hatua ya 5: Fomu ijazwe kana kwamba msomaji hakuamini

Hadhi lazima iombwe kwenye fomu. Ukiiacha, watakupimia sarafu na kukupa lebo ya kawaida, na kosa litakuwa lako. Andika mwaka, aina, idadi na hadhi yenyewe kwa jina wanalolitumia wao. First Strike si jina la NGC, na Early Releases si jina la PCGS. Sehemu ya maelezo andika sentensi moja: boksi halijafunguliwa, tarehe ya kutumwa kutoka kiwandani ni hii, namba ya ufuatiliaji ni hii. Ambatisha nakala ya ankara ya ununuzi. Usitume asilia.

Thamani unayoitangaza kwenye fomu huamua fidia, kwa kuwa masharti ya kampuni hizi kwa kawaida huweka kikomo cha wanachoweza kukulipa. Ukitangaza kidogo ili ada ipungue, umekubali kidogo.

Hatua ya 6: Mawakala na forodha

Mtu anayetuma kutoka nje ya Marekani ana watu wawili wengine wenye visu.

Wa kwanza ni wakala anayekupokelea mizigo huko na kukusafirishia. Kazi yake ya kila siku ni kufungua katoni, kuunganisha mizigo na kupunguza ukubwa ili gharama ishuke. Anafanya hivyo kwa faida yako, na anakuharibia. Kabla hujanunua, mwandikie maagizo: usifungue, usiunganishe, usibandike upya. Asipokubali kwa maandishi, mtafute mwingine. Njia nyepesi zaidi ni kutoruhusu boksi livuke mpaka kabisa: liende kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni, au kwenye ghala linalotambuliwa, na lipimwe hukohuko.

Wa pili ni afisa wa forodha, ambaye ana haki ya kisheria kufungua. Huwezi kumzuia, unaweza kumpunguzia sababu. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, sarafu zina kichwa chao, 7118. Ziandike kwa jina lake, idadi, metali, uzito na thamani ya kweli, na ankara iwe kwenye bahasha ya nje. Maelezo kama "zawadi" au "vipande vya chuma" kwenye kifurushi kizito cha kilo 15 huita kisu. Hakikisha pia msafirishaji uliyemchagua anakubali sarafu, kwa sababu wengine wanazikataza katika masharti yao, na bima ya kitu kilichokatazwa hailipwi.

Niliwahi kupoteza dai hapa. Boksi langu lilifunguliwa na forodha njiani, likafungwa tena kwa utepe wao wenye maandishi ya ukaguzi. Kampuni ilinijibu kwa adabu kwamba lakiri imevunjika. Nami nilijua hakuna sarafu iliyoguswa, kwa sababu utepe wa ukaguzi ulikuwa kwenye katoni ya nje na kwenye kona moja tu ya katoni ya ndani. Lakini nilikuwa na picha moja tu, ya juu, bila uzito, na katoni ya nje walikwisha kuitupa wao baada ya kupokea. Nililalamika kwa uchungu wiki tatu. Nikisoma barua zangu leo naona nilieleza hisia zangu kurasa mbili na sikuweka hata namba moja ndani yake. Waliamua kwa walichokuwa nacho.

Tangu hapo, neno langu la kwanza kwa kila anayeniuliza ni mizani.

Forodha ikifungua, omba hati ya ukaguzi. Karatasi inayosema nani alifungua, lini na kwa nini inaweza isikurudishie hadhi, kwa kuwa kanuni haziwalazimishi kuikubali, lakini inabadilisha mazungumzo: huonekani tena kama mtu aliyechokonoa boksi.

Hatua ya 7: Ukikataliwa, saa za kwanza

Usivunje kasha la plastiki. Hasira ya kwanza humwambia mtu azitoe sarafu azipeleke kampuni nyingine. Ukivunja, umemaliza dai kwa mkono wako: sarafu haina tena namba inayoiunganisha na fomu yako, na kampuni ya pili nayo itauliza lakiri iko wapi.

Usitume tena kwa fomu mpya. Ni kama kukiri kwamba ya kwanza imekwisha.

Fanya mambo haya, kwa mpangilio huu. Soma sababu waliyoitoa neno kwa neno, kwa maana "imefika nje ya muda", "haikufungwa" na "tarehe haikuthibitika" ni kesi tatu tofauti zenye majibu matatu tofauti. Kisha waombe, kwa maandishi, picha na kumbukumbu za mapokezi: nani alipokea, siku gani, boksi lilionekanaje. Waombe pia wasitupe vifungashio. Omba hili mapema iwezekanavyo, hata kabla hujaamua kama utalalamika, kwa kuwa katoni hazikai ghalani milele. Halafu angalia masharti yao yanatoa siku ngapi za kupinga, uziandike mahali unapoziona kila siku.

Sasa linganisha. Namba ya boksi kwenye picha yao ni ileile ya kwako? Uzito waliopokea, ulioandikwa na msafirishaji, unalingana na wako, ukiondoa katoni ya nje? Utepe kwenye picha yao umekatwa wapi? Mkato mmoja ulionyooka katikati ya utepe, kingo zikiwa safi, ndivyo mtu wa mapokezi anavyofungua. Utepe uliobanduliwa na kubandikwa ni kitu kingine. Tofauti hii ikionekana kwenye picha yao wenyewe, una dai lenye nguvu.

Hatua ya 8: Barua

Iandike kwanza kwa Kiswahili ili hoja ikae sawa kichwani, kisha uifasiri kwa Kiingereza chepesi. Ukurasa mmoja. Iwe hivi:

"YAH: KUPINGA UAMUZI WA HADHI, FOMU NAMBA ____

Fomu iliyotajwa hapo juu ilipokelewa kwenu tarehe ____. Hadhi ya ____ imekataliwa kwa maelezo kwamba kifungashio kilikuwa kimefunguliwa. Sipingi daraja la sarafu yoyote. Ninapinga jambo moja: kwamba boksi lilifika likiwa wazi.

Boksi lenye namba ____ lilitumwa na kiwanda tarehe ____, ndani ya siku 30. Nililipokea tarehe ____ likiwa na uzito wa kilo ____, na kuwatumia tarehe ____ likiwa na uzito huohuo. Video isiyokatwa inaonyesha pande zote sita na muungo wa mikanda. Katika picha yenu ya mapokezi, utepe umekatwa mara moja katikati na ncha zake hazijabanduliwa.

Kanuni yenu ya tarehe ____, niliyoiambatisha, inasema ____. Naomba mlipitie upya suala hili, na kama hadhi inastahili, sarafu ziwekewe lebo sahihi bila gharama kwangu. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe ____."

Ona kilichoachwa. Hakuna kulalamika kuhusu daraja. Mtu akipewa 69 alipotarajia 70 huingiza uchungu huo kwenye barua ya lakiri, na msomaji anaona mteja asiyeridhika na lolote. Lakiri haikuahidi 70. Sarafu za fedha zinaweza kuota madoa meupe ya maziwa zikiwa zimefungwa kabisa. Tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha Kanada, ilianza kutumia teknolojia iitwayo MintShield mwaka 2018 ili kulipunguza. Boksi lililofungwa lina hakika ya asili tu, hali ya kilichomo ni suala jingine.

Hakuna pia vitisho. Neno "mahakama" kwenye barua ya kwanza huihamisha faili kutoka kwa mtu wa huduma, anayeweza kurekebisha kwa dakika kumi, kwenda kwa mwanasheria ambaye kazi yake ni kutokubali kitu.

Hatua ya 9: Wakishikilia msimamo

Omba msimamizi, mara moja, kwa barua ileile na sentensi moja ya ziada. Kama ulituma kupitia muuzaji aliyeidhinishwa, yeye ndiye mlango wako bora: huwapelekea kazi kila wiki, simu yake hupokelewa. Mpe faili zima, usimpe simulizi.

Kama boksi ulilinunua kwa mfanyabiashara aliyeuza kama "halijafunguliwa" na video yako ya mapokezi inaonyesha vinginevyo, dai ni lake. Angalia kama ni mwanachama wa Professional Numismatists Guild, chama cha wafanyabiashara wa sarafu ambacho wanachama wake wamefungwa na utaratibu wa usuluhishi, au wa American Numismatic Association, chama cha wapenzi wa sarafu cha Marekani. Njia hizo ni za migogoro na wafanyabiashara.

Kupinga malipo kupitia benki yako kunawezekana kwa ada ya hadhi ambayo hukupewa, lakini fikiri mara mbili sarafu zikiwa bado ghalani kwao. Kampuni inaweza kuzishikilia mpaka ada ilipwe, na inaweza kuifunga akaunti yako. Zirudishwe kwanza. Na kabla ya kwenda mbali zaidi, soma masharti uliyoyasaini: mara nyingi yanataja usuluhishi, mahali pa kufanyia shauri na kikomo cha fidia. Ukiwa nchi nyingine, gharama ya safari ya shauri itaimeza thamani ya lebo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kwa sarafu tano ningeishia kwa msimamizi. Kwa boksi zima la 500 ningetafuta wakili anayejua mikataba ya huko.

Kwa kawaida unachoweza kukipata ni kurejeshewa ada ya hadhi, kubadilishiwa lebo bila malipo, au salio la kutumia baadaye. Tofauti ya bei sokoni kati ya lebo ya kawaida na lebo yenye hadhi ni nadra kulipwa taslimu, kwa hiyo ukiidai peke yake utatoka mikono mitupu. Omba lebo. Lebo ndiyo yenye tofauti hiyo ndani yake.

Ukishinda, sarafu zitarudi katika makasha mapya. Zipokee kwa kamera kama mara ya kwanza. Soma kila lebo herufi kwa herufi, kisha ingiza namba ya kila kasha kwenye ukurasa wa uthibitisho wa kampuni. Lebo ikionyesha hadhi mpya na ukurasa ukaonyesha ya zamani, waandikie siku hiyohiyo, ukitaja namba moja baada ya nyingine, kwa sababu mnunuzi wako atakapokuja atashika simu yake na kuamini ukurasa.